Mkuu hilo linatibika, nenda kaonane na mwanasaikolojia

Mkuu umeuliza kama kuna mtaalamu atakayekusikiliza bila kukucheka kwa sababu umeshindwa kuacha video za ngono na mkeo bado hajui. Wapo, na wala hujalogwa. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022 limeweka tatizo la kushindwa kujizuia na tabia za kingono, yani umejaribu kuacha mara kibao, miezi inakatika, na kazi na ndoa vinaumia.

Mimi nilikaa kwenye benchi la kliniki saa nzima nimevuta kofia usoni, nikaingia, yule dada mwanasaikolojia hakushtuka hata kidogo, akaniuliza tu "huwa inaanza saa ngapi?" nikakosa jibu. Akaniambia ninunue kadaftari niandike kila ikinijia, saa, niko wapi, najisikiaje, na wiki ya pili tukaona karibu zote ni baada ya saa tano usiku, niko peke yangu, nimetoka kugombana na bosi. Simu ikahamia kuchajiwa sebuleni. Nilirudia tena mara mbili na hakunigombeza, tulirudi tu kwenye daftari.

Kama uko Dar, Muhimbili wana idara ya afya ya akili, Dodoma kuna Mirembe, kwingine ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa. Pale dirishani sema tu unataka kuonana na mwanasaikolojia, huna haja ya kumweleza karani. Na ndugu yangu, kama umeshaanza kuwaza kujidhuru usisubiri Jumatatu, nenda leo.