Kabla Hujachora Ukuta wa Kanisa la Mjini

Wadogo zetu mnaoanza kuratibu sanaa makanisani, inauma kuona mchoro wa miezi mitatu ukifunikwa kwa ndoo moja ya rangi nyeupe, tena kwa makosa yale yale. Someni haya kabla hamjapandisha jukwaa.

1. Pima unyevu. Bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani, ziba pande zote kwa utepe, iache saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado ni mbichi. Plasta mpya isubiri siku 28. Unga mweupe chini ya ukuta ni chumvi inayopanda na maji kutoka kwenye msingi. Ukipaka akriliki, rangi ya plastiki, hapo umeyazibia maji njia ya kutokea, na masika yakija rangi inavimba na kubanduka. Mara nyingi chanzo ni mfereji wa paa ulioziba au udongo uliorundikana nje hadi juu ya msingi. Shughulikia hicho kwanza.

2. Jua nani anakaa mbele ya ukuta huo. Hapa ndipo tunapoumia, na tukiri kwamba kosa ni letu waratibu, si la waumini. Kanisa la mjini lina ibada ya Kiingereza saa moja asubuhi, ya Kiswahili saa tatu, ya vijana saa tano. Kamati inayoidhinisha mara nyingi imejaa watu wa ibada moja. Wanaonyeshwa picha kwenye simu, wanakubali, mchoraji anapanda jukwaani. Jumapili, mama wa ibada ya saa tatu anaingia na kumkuta Bikira Maria wa mita tatu amejitanda kanga. Mchoraji aliinakili kanga hiyo kwa kupenda maua yake. Mama ni mtu wa Mombasa, macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga: "Hasidi hana sababu." Kwao kanga hainyamazi, na anayekuvalia jina hilo amekulenga. Sasa anakaa kwenye benchi akijiuliza Mama wa Yesu anamsema nani. Mchana malalamiko yako kwa mchungaji, wiki inayofuata rangi nyeupe iko ukutani, na anayelaumiwa ni mama, eti haelewi sanaa. Ameielewa kuliko aliyeichora! Sisi ndio hatukumwuliza.

Basi chora kwa mkaa kwenye karatasi, kwa ukubwa kamili, angalau nyuso, mikono na mavazi. Itundike pale pale ukutani Jumapili tatu mfululizo. Baada ya kila ibada mtu mmoja asimame kando yake na daftari, aandike maneno kama yalivyosemwa na kwa lugha iliyosemwa. Mchoraji alisome daftari hilo kabla ya kununua rangi.

3. Usikimbilie sura za watu. Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Tanzania, alipochora kuta za kanisa la ukumbusho la Murang'a, Kenya, miaka ya 1950, aliiweka habari ya Yesu katika mandhari ya Wakikuyu, na waliokaa mbele ya michoro ile mitano waliiona nchi yao. Mandhari ya nani utayachora Kawangware, mtaa wa Nairobi wenye watu wa makabila mengi? Kanisa la St Martin-in-the-Fields, London, nalo ni la watu mchanganyiko: lina ushirika wa Wachina na limehudumia wasio na makazi kwa miaka mingi. Dirisha lake la mashariki, la mwaka 2008, ni kazi ya Shirazeh Houshiary, mzaliwa wa Iran, na halina mtu hata mmoja: vyuma vya dirisha vimepindishwa kuzunguka yai la mwanga, na katika kupinda kwake unaona msalaba. Wachoraji wetu wanaweza kabisa kazi ya namna hii. Wanachokosa ni mratibu wa kuwaomba.

4. Sentimita 150 kutoka sakafuni hadi katikati ya picha ni kipimo cha ukumbi wa maonyesho. Kanisani watu husimama kuimba, kwa hiyo ukingo wa chini wa mchoro uwe mita 2 au zaidi kutoka sakafuni.

5. Mkataba utaje nani atakarabati, na nani anaruhusiwa kuufuta mchoro, kwa notisi ya muda gani.

6. Mtafute anayefagia kanisa, umpe brashi laini na kavu. Kitambaa cha maji ya sabuni humomonyoa rangi taratibu, na yeye husafisha kila Jumamosi. Futeni vumbi pamoja mara ya kwanza, kuanzia juu kushuka chini.