Mkuu, hilo kufuli la kwenye Chrome linakudanganya

Ngoja kwanza, usiguse kitu kingine. Kwenye hiyo konfigi (faili ya mipangilio) ya nginx, programu ya seva ya tovuti, uliyobandika, mstari wa ssl_certificate, unaoitajia seva faili ya cheti cha usalama, unaishia na cert.pem, halafu unatuambia "kufuli limetokea (ile alama ya muunganisho salama, Chrome za sasa huionyesha ukibofya alama iliyo kando ya anwani), kesho nawasha malipo ya simu". Mstari huohuo ndio ulionilaza macho mwaka jana.

Lilikuwa duka la mtandaoni la mteja. Certbot, programu ya kuomba vyeti, ikaniletea faili 4 za Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure: cert, chain, fullchain na privkey. Jamaa mmoja wa YouTube, na ile sauti yake ya kujiamini, akasema weka cert.pem, jina si linajieleza? Nikaweka. nginx -t (amri ya kukagua konfigi) ikasema sawa, laptop ikaonyesha kufuli, nikaenda kula chipsi mayai.

Ijumaa jioni simu zikaanza. Mtu analipa, hela inakatwa, meseji ya muamala inaingia, oda imeganda "inasubiri malipo". Nafungua logi (kumbukumbu ya maombi) ya nginx, hakuna ombi hata moja la kuthibitisha malipo kutoka kwenye seva ya kampuni ya malipo. Ungekuwa wewe ungemlaumu nani? Nikawaandikia barua pepe ya matusi ya kistaarabu. Wakajibu mstari mmoja: cheti chenu hakijakamilika. (Ndiyo, niliomba radhi. Tusilizungumzie.)

Iko hivi. cert.pem ni cheti chako peke yake. Kimesainiwa na cheti cha kati, na seva yako isipokitoa hicho cha kati, anayepiga hodi hawezi kufika kwenye cheti mzizi anachokiamini. Chrome ya kompyuta hujiongeza, inakwenda kukitafuta yenyewe. Seva ya malipo haina huruma hiyo, wala curl (programu ya kutuma maombi kwa amri), wala app yako ya Android. Inakata mazungumzo kabla hata ombi halijatumwa, ndiyo maana logi yangu ilikuwa nyeupe pee.

Oda 41 ziliganda hivyo. Jumamosi na Jumapili nimekaa na mhasibu wa mteja tunalinganisha meseji na oda moja moja kwa mkono, yeye hata soda hakuninunulia. Yule wa YouTube muda huo nadhani alikuwa anahesabu watazamaji.

Kwa hiyo weka fullchain.pem (cheti chako pamoja na kile cha kati), fanya reload ya nginx ili isome konfigi upya, halafu achana na brauza kabisa. Fungua terminal (dirisha la amri) uandike:

openssl s_client -connect domeini-yako:443 -servername domeini-yako

Shuka hadi Verify return code. Ikisoma 21 (cheti cha kwanza kimeshindwa kuthibitishwa), bado unaumwa, hata kama kufuli linameta kama dhahabu. Ikisoma 0 (ok), sasa tuongee malipo.

Uliuliza pia, cheti cha bure au cha kununua? Hata cha kununua ukikiweka nusu ni yaleyale. Mimi nasubiri ubandike hapa huo mstari wa Verify, na usiwashe malipo kabla sijauona.