Usiigawe Hiyo Pafi

Ujumbe ulionifanya niandike leo umetoka kwa msomaji wa Limuru. Ana Paphiopedilum moja (sisi huiita pafi, ni orkidi yenye ua la umbo la ndara) aliyoilea kwa miaka, kila msimu inampa ua moja tu, na rafiki yake amemshauri aikate vipande vitatu "ipate nguvu". Anauliza agawe au asigawe. Nilimjibu papo hapo: usigawe. Halafu nikaona jibu hilo ni fupi mno kutoka kwa mtu ambaye juzi tu ametoka kwenye maonyesho hapa Maryland na cheti mkononi, tena cheti alichokipata kwa sababu alikataa kugawa.

Tuelewane kwanza. Sisi wenye ugonjwa wa hizi orkidi ndara hatutafuti kijiua cha kupamba dirisha la jikoni. Tunataka jaji akishapita asite, arudi, atoe rula.

Mmea wangu ni Saint Swithin, chotara wa aina mbili za pafi, rothschildianum na philippinense. Mchanganyiko huo si mgeni, umesajiliwa tangu 1900. Rothschildianum anatoka miteremko ya Mlima Kinabalu kule Borneo, na ndiye anayeitwa mfalme: petali zake hunyooka kushoto na kulia, ua likafikia hata sentimita 30 kwa upana. Tatizo lake ni ukaidi. Ukianzia mbegu, unaweza kungoja miaka kumi na zaidi kabla hujaona ua la kwanza. Philippinense petali zake huning'inia zikijisokota, ua ni dogo, lakini mmea wenyewe unakimbia na unazaa machipukizi haraka.

Wengi wanaochanganya hao wawili macho yao yote yako kwa mfalme. Wanataka rothschildianum wa ukoo bora, hasa uzao wa 'Rex' na 'Mont Millais', na upande wa pili wanachukua philippinense yeyote aliyechanua wiki hiyo. Mimi nilifanya kinyume. Rothschildianum wangu alikuwa mzuri wa kawaida. Philippinense ndiye niliyemtafuta kwa tochi, nikampata kwa mzee mmoja aliyekuwa anapunguza mimea yake. Maua yake hayakuwa na la kusimulia, lakini kila shada la majani lilikuwa linatoa machipukizi mawili, mara nyingine matatu, kabla halijachanua. Wenzangu walicheka. Nikawaacha wacheke.

Kuchavusha kwenyewe ni kazi ya dakika chache, ila inataka mkono usiotetemeka. Unakata kile kijaruba cha mbele kwa wembe safi ili uone ndani. Nyuma ya ile ngao ndogo ya katikati kuna vidonge viwili vya chavua, kimoja kila upande, rangi ya manjano, vinanata kama gundi iliyoanza kukauka. Unavichota kwa kijiti cha meno, unakwenda kwenye ua la mama, unainua kichwa chake kidogo, unapaka chini ya ngao, kwenye stigma, sehemu inayopokea chavua, ambayo inatazama chini. Siku zinapita, ua linanyauka, na kama Mungu amependa kikonyo kinabaki kijani na kuanza kunenepa. Mbegu zake ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula, kwa hiyo tunda linapelekwa maabara zikaoteshwe kwenye chupa yenye jeli ya sukari.

Ile miaka ya miche nairuka. Ni kumwagilia tu na kulipa bili ya umeme wa taa.

Kilichonisaidia ni namna ya kuchagua. Watu husubiri mche uchanue ndipo waamue wa kubaki na wa kuuzwa. Mimi nilianza kuchagua majani yakiwa ya urefu wa kidole: uliotoa chipukizi la pili mapema, baki, uliosimama na shada moja kama mlingoti, nenda. Tabia ya kuzaa machipukizi inarithiwa sawa na rangi. Ukichagua wazazi kwa ua peke yake, usishangae ukipata watoto wenye ua peke yake.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Misimu kadhaa iliyopita niliupeleka mmea huu kwenye maonyesho ukiwa na vikonyo viwili. Mimea hupelekwa mezani bila jina la mwenyewe, na ili ipewe alama lazima jaji mmojawapo aipendekeze. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba. Jaji mmoja akauangalia juujuu, akasema: "Hiki ni kichaka. Mwenyewe angekigawa." Wenzake wakacheka kidogo, wakaendelea na mmea uliofuata. Hakuna aliyeupendekeza. Nilirudi nyumbani nimeupakata chungu kwenye kiti cha nyuma, mama Neema akiendesha, hatukusemezana hadi tunafika.

Ni kweli kwamba mfumo wenyewe unawafundisha majaji kutazama hivyo. Kwa chama cha orkidi cha Marekani, AOS, ua likipata pointi 75 hadi 79 linapewa tuzo ya HCC, 80 hadi 89 ni AM, na 90 kwenda juu ni FCC, ya juu kabisa. Umbo na rangi ndivyo vinavyobeba pointi nyingi. Ua moja duara, pana, lisilo na kasoro, laweza kuchukua tuzo likiwa juu ya mmea wenye majani manne yaliyochoka. Ndiyo maana kwa zaidi ya karne wazalishaji walikazana kutengeneza yale maua makubwa ya mviringo, moja kwa kila kikonyo. Wengine wakaongeza idadi ya kromosomu mara mbili. Ua linanenepa kweli, lakini mara nyingi mmea unazubaa, machipukizi yanakuwa machache, na idadi ya maua inashuka.

Kuna mtego mwingine kwa wapenda wingi. Pafi chotara iitwayo Pinocchio na ndugu zake hutoa maua kwa miezi na miezi, lakini moja baada ya jingine. Ukijumlisha mwaka mzima ni mengi. Siku ya maonyesho jaji anahesabu yaliyopo mezani.

Ila AOS hiyohiyo ina tuzo ya ukuzaji: CCM kwa pointi 80 hadi 89, na CCE kuanzia 90. Tuzo ya ua hupewa mmea na kufuata jina lake na vipande vyake. Hii ya ukuzaji hupewa mtu aliyeulea. Hapo afya, ukubwa na wingi wa maua ndiyo maneno yenyewe.

Basi mwaka huu chungu kilibebwa na watu wawili. Vikonyo vitano, maua 17 yamefunguka na matumba mawili, majani hayana doa. Kila jaji aliandika alama zake, zikatafutwa wastani: 86, yaani CCM. Yule aliyesema kichaka alikuwa kwenye timu. Sitasema zaidi ya hapo, ingawa nilihakikisha ameniona wakati napokea mkono wa pongezi.

Ndugu zangu, najua kishawishi cha kugawa kinatoka wapi. Pafi hazikubali kwa urahisi kuzalishwa kwa tishu maabara kama Phalaenopsis, ile orkidi ya madukani, kwa hiyo kipande cha mmea uliopata tuzo kina bei. Lakini kila ukikata unaurudisha mmea nyuma miaka. Shada moja la Saint Swithin linachanua mara moja tu maishani, kisha linaanza kufifia huku watoto wakikua ubavuni. Ukiwatenganisha watoto na mama, nani atawanyonyesha? Tuache tamaa ya vipande. Tuache haraka.

Kwa msomaji wa Limuru: kutokana na picha uliyotuma, yako ni ya aina ya Maudiae. Hizo kwa kawaida hutoa ua moja kwa kila shada, kwa hiyo ua moja maana yake ni shada moja tu lililokomaa kwa msimu. Itoe kwenye chungu. Ikiwa gome la miti ulilopandia limeoza na kuwa kama matope, ondoa lote, kata mizizi iliyolainika, irudishe nzima kwenye gome jipya, chungu kilekile au kikubwa kidogo. Usigawe. Na ukitaka kuanza kuzalisha mwenyewe, agiza miche iliyo bado kwenye chupa. Pafi zote ziko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, lakini miche ya maabara iliyo ndani ya chupa imesamehewa kibali hicho. KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, bado utapita kwao kwa karatasi za afya ya mimea. Ukishaitoa kwenye chungu nitumie picha nyingine, safari hii ya mizizi.