Lupu ya gitaa inatoa "tik" na kuiacha ngoma

Mkuu, umeuliza kwa nini lupu yako ya gitaa, yaani kipande kifupi cha sauti kinachojirudia, inatoa tik na kupishana na ngoma. Hiyo "tik" unayoisikia kila gitaa likirudi mwanzo haitokani na kompyuta yako, kwa hiyo pesa ya saundi kadi mpya itunze. Wimbi la sauti limekatwa likiwa juu, likirudi linaanzia kimo kingine, na spika inaruka ghafla. Kuza picha ya wimbi mpaka lionekane kama uzi, ukate pale linapovuka mstari wa sifuri (ule wa katikati), mwanzo na mwisho. Kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti) chagua kipande, bonyeza Z, mipaka itasogea yenyewe. Ikibaki, weka fedi (sauti ipande au ishuke taratibu) ya milisekunde 5 kila upande.

Kupishana na ngoma ni hesabu tu. Tempo uliyotaja ni mapigo 96 kwa dakika: sekunde 60 gawa kwa 96 unapata 0.625 kwa kila pigo, hivyo bari 4 (mafungu ya mapigo), kila moja mapigo manne, ni sekunde 10 kamili. Kipande chako kina sekunde 10.08. Mzunguko wa kwanza husikii kitu, lakini ukiisha wa nane gitaa limeshachelewa pigo zima na ushee.

Usikimbilie kukata mkia, utaua mwangwi wa nyuzi. Angalia kwanza ukimya ulio kabla ya pigo la kwanza. Ziada mara nyingi iko hapo, hasa kama ulihifadhi kwa MP3, maana kuibana sauti hivyo huongeza ukimya kidogo mwanzoni. Lupu hifadhi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa. MP3 utaitoa wimbo ukishakamilika, wa kuwatumia washkaji WhatsApp.