Moto wa kinyungu unaruka barabara yangu

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Nina ekari 3 za misindano (miti ya paini) huku Mufindi, ina miaka 6 sasa. Bondeni chini yake kuna kinyungu, yaani bustani ya bondeni, cha baba mdogo wa mume wangu, na kila Agosti akisafisha huchoma majani. Mwaka jana moto ulipanda ukaruka barabara yangu ya kuzuia moto, ya upana wa mita 2, ukala karibu nusu ekari. Siwezi kumpeleka mzee mbele ya watu. Nifanyeje mwaka huu?
Mama mwenye miti, Mufindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Miaka 6 ya kupalilia na kupogoa kuliwa alasiri moja, inauma.

Mita 2 hazitoshi, hasa wewe ukiwa juu na moto ukitokea bondeni. Moto unaopanda mlima hukimbia kuliko unaoshuka, kwa kuwa ndimi zake huzilalia nyasi za mbele na kuzikausha kabla hazijashika. Upande huo panua barabara ifike mita 10. Na kufyeka tu hakutoshi, lima mpaka udongo uonekane. Nimeonyeshwa barabara pana nyingi, kumbe zimetandikwa sindano kavu kama mkeka, moto ukifika hapo unavuka taratibu. Hata Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali, husafisha barabara zake kila mwaka. Wewe lima mvua zikikatika, Mei au Juni, kisha pitisha reki mwishoni mwa Julai. Matawi uliyopogoa yatoe chini ya miti. Moto hupandia hapo hadi kileleni, na ukishafika kileleni hakuna wa kuupiga.

Sasa baba mdogo. Mwendeeni mapema, wewe na mumeo, kabla hajashika kiberiti. Msiende na lawama, ombeni siku: "Baba, ukitaka kuchoma tuite, tuje na majembe." Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadai kibali cha kuchoma, kwa hiyo mtendaji wa kijiji aelezwe. Huko si kumshtaki mzee. Moto ukitoroka bila kibali, yeye ndiye wa kwanza kutafutwa.

Achome jioni upepo ukitulia, si saa nane mchana. Aanzie juu, kando ya barabara yako, moto ushuke polepole kuelekea bondeni. Wawepo watu wenye matawi mabichi, majembe, na mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa, yaliyooshwa vizuri na kujazwa maji.

Moto ukitoroka, gongeni ringi ya shule, mpigie mtendaji, piga na 114, namba ya zimamoto. Lakini gari la zimamoto lina safari ndefu kufika bondeni kwenu, kwa hiyo mikono ya kwanza ni yenu. Pigeni moto mkitokea ubavuni, mkiwa upande uliokwisha kuungua. Mtu asisimame juu mlimani akiusubiri, nakusihi. Vaeni nguo za pamba na buti, nailoni huyeyukia mwilini. Watoto wabaki nyumbani.

Kuna jambo nililojifunza kwa hasara. Jumamosi moja tulizima moto, tukarudi nyumbani tukiimba. Jumatatu mchana ukazuka ng'ambo ya barabara. Tulipochimba tukakuta kisiki kilikuwa kikifuka chini kwa chini, na mzizi wake umepita chini ya barabara yetu kama utambi wa kibatari.

Kwa hiyo moto ukizimika, zungukeni ukingo wake kila asubuhi kwa siku 3. Kwenye kila kisiki sogeza mgongo wa kiganja karibu, usiguse. Ukihisi joto, chimba, ufuate mzizi hadi unapoishia, mwaga maji na ukoroge na udongo mpaka tope lipoe.