Muulize Mzee wa Dishi: Kwa nini setilaiti ipite njia dhaifu?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Dishi. Nasoma uhandisi wa mawasiliano, mwaka wa pili. Mwalimu katuambia nadharia ya michezo husaidia kulinda setilaiti dhidi ya wanaovuruga mawimbi. Mchezo na setilaiti, wapi na wapi? – Msomaji, Mbezi

JIBU: Marahaba mwanangu. Juni 2009, baada ya uchaguzi wa Iran, matangazo ya televisheni ya BBC ya Kifarsi yalivurugwa kwenye setilaiti ya Hot Bird, na chanzo kikafuatiliwa hadi ndani ya Iran. Mvurugaji hakuhitaji roketi. Dishi linaelekezwa kwenye setilaiti, makelele yanarushwa kwa masafa yaleyale ya matangazo, basi. Setilaiti za aina ile hazichambui: zinapokea, zinakuza, zinarudisha chini chochote kilichoingia. BBC ikaongeza setilaiti nyingine. Nadharia ya michezo, yaani hesabu ya kuchagua wakati mpinzani naye anachagua, inaanzia hapo, maana mvurugaji naye nguvu zake zina kikomo. Lazima achague pa kupiga.

Chukua kalamu. Una chaneli mbili, yaani njia mbili za kupitishia data: A inabeba megabiti 10 kwa sekunde, B inabeba 4. Adui anaweza kuziba moja tu kwa wakati, na iliyozibwa haipitishi kitu. Utatumia ipi? Vijana wengi hunijibu A. Adui naye anajua hivyo. Atakaa A, utaambulia sifuri. Ukigawa nusu kwa nusu, bado atakaa A, na wastani wako ni 2.

Sasa tumia A mara 2 katika kila 7, B mara 5. Akiziba A, B inakupa 5×4, yaani 20. Akihamia B, A inakupa 2×10, 20 ileile. Gawa kwa 7: takriban 2.86, akae atakapo, na mgao mwingine wowote unamwachia upenyo wa kukushusha zaidi. Mimi hapa ndipo hesabu hii huniteka: njia mbovu ndiyo unayoipita zaidi, kwa sababu adui kajibanza kwenye nzuri. Kwamba mchezo wa wawili, faida ya huyu ikiwa hasara ya yule, una kiwango cha namna hii ambacho adui hawezi kukushusha chini yake, alithibitisha mwanahisabati John von Neumann mwaka 1928.

Ila usiende kwa zamu, A mbili kisha B tano. Mpiga penalti mwenye mazoea hana siri kwa kipa. Uchaguzi uwe wa kubahatisha, na mpokeaji awe na ufunguo wa siri unaozalisha mfuatano uleule. Mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya wazo hilo mwaka 1942, kwa ajili ya kuongoza topido, kombora la chini ya maji: masafa 88, yakibadilishwa na karatasi zenye matundu kama za piano inayojipiga yenyewe.

Adui akiwa na nguvu za kuziba chaneli zote, mgao haukusaidii. Hapo tafuta antena yenye mwale mwembamba, inayosikiliza upande wako na kupuuza makelele ya pembeni.

Jaribu chaneli tatu: 10, 4 na 4, adui akiziba moja. Usipopata takriban 3.33, niandikie tena, na hesabu yako yote uiweke humo.