Wadogo zangu wa dini ya Wagiriki, hii "molon labe" mtaniua nayo

Jumatano kwenye semina kijana wetu mmoja (jina nalihifadhi, ila anajijua na nampenda) kasimama, slaidi ya kwanza ina ngao ya Sparta, chini yake MOLON LABE kwa herufi kubwa, chini zaidi kaandika "Herodotus, kitabu cha 7". Nikafumba macho. Sio roho mbaya, ni kwamba slaidi hiyo mi mwenyewe nishaitengeneza, nyekundu ile ile, mwaka wangu wa kwanza, na kila mwaka inarudi kama mafua. Sasa kwakuwa mmekuwa wengi mnaotoka nyumbani kuja huku Ulaya kusoma dini ya Wagiriki wa kale na hawa watu wa siasa za ajabu ajabu wanaoitumia, na kila mmoja ananifata inboksi na swali lile lile, nianzie wapi na nisikosee wapi, naandika mara moja hapa, msome, alafu mniache nimalizie chapta ya nne ambayo supervisa ameanza kuiulizia kwa sauti ya upole, na sauti ya upole ya supervisa mnaijua maana yake.

1. Chanzo kina umri, kiulize umri.

"Molon labe", yani "njoo uzichukue" hizo silaha, jibu ambalo eti Leonidas mfalme wa Sparta aliwapa Waajemi, iko kwenye mkusanyo wa misemo ya Wasparta unaobeba jina la mwandishi Plutarch. Vita yao ya Thermopylae ni 480 KK, Plutarch kaishi zaidi ya miaka 500 baadae. Herodotus, mwanahistoria ambaye alikuwa mtoto mdogo vita ilipopiganwa na alizungumza na watu wa kizazi kile, hana hilo neno kabisa. Alichonacho ni kitu kitamu zaidi kwa sisi watu wa dini: Wasparta walimtanguliza Leonidas na watu wachache kwa sababu sikukuu ya Karneia, ya mungu Apollo, ilikuwa imewafunga, wakapanga wakimaliza sherehe ndio jeshi zima liondoke. Wengine nao walikuwa na Olimpiki. Mtu aliyechora ngao mkononi na kuandika kwenye mtandao kwamba yuko tayari kufa kama wale Wasparta 300 wa Leonidas, mwambie taratibu kwamba wenzao walikuwa kwenye ngoma ya Apollo, uone atakavyokujibu. Na wale 700 wa mji wa Thespiai waliobaki wakafa nao, hakuna anayevaa fulana yao. Mnara wao pale umejengwa 1997, wakati sanamu ya Leonidas iko tangu 1955. Maheloti, yani watumwa wa Wasparta, ndio usiseme, kwenye vita ya Plataea mwaka uliofuata Herodotus anahesabu Wasparta 5,000 na maheloti 35,000, saba kwa kila mmoja, ila kwenye bango la siasa wanabaki wanaume wenye matumbo ya mazoezi peke yao.

2. Usiseme "dini ya Wagiriki" kama vile ina makao makuu.

Hapa sisi tuna bahati kuliko wanafunzi wa Kijerumani, wao wanahangaika muhula mzima kuelewa dini isiyo na kitabu wala kanuni ya imani, sisi ukisema tambiko tu mtu kashaelewa, kila ukoo na mahali pake, kila mahali na mwiko wake. Kule Brauron wasichana wa Athens walikuwa wanacheza dubu kwa ajili ya mungu mke Artemis, kule Sparta vijana wanachapwa viboko mbele ya madhabahu ya Artemis Orthia, na wote ni Artemis. Zeus wa radi mnamjua, ila Zeus Meilichios pale Piraeus kachongwa kama joka. Kwaiyo mtu akija na siasa yake ya "turudi kwenye dini safi ya mababu" swali lako la kwanza ni mababu wa mji gani, mwezi gani, madhabahu ipi. Hapo kwenye pengo ndipo anapojaza mambo yake.

3. Jifunzeni Kigiriki cha leo. Cha LEO. Hapa naomba mkae chini.

Mwaka wa pili nilikuwa najiona. Washairi wa kale, Homer nasoma, Hesiod nasoma, insikripsheni nazipapasa kama kipofu lakini nasoma. Nikapata hela kidogo ya fildiweki nikaenda Athens miezi miwili kuwahoji watu wanaofufua ibada za miungu ya zamani. Kigiriki changu cha leo kilikuwa cha kuagizia kahawa. Nikajiambia lugha ni ile ile bwana, mzizi mmoja, nitaungaunga. Ni sawa na mtu aliyejifunza Kiswahili kwenye tenzi za karne ya 18 tu, alafu unamshusha kijiweni Manzese saa kumi jioni.

Nikapelekwa kwa mzee mmoja, mstaafu, mpole ajabu. Kanikaribisha kahawa, kanipa keki ya mke wake, na kabla ya kuigusa divai akamwagia tone Hestia, mungu mke wa moto wa nyumbani. Jamani machozi yalinilenga, nilimwona babu yangu kabisa anavyomwaga pombe mlangoni kabla hajaonja. Shingoni mzee alikuwa na kidani cha herufi E. Nikaruka kama mtoto. E ya Delphi! Plutarch, ambaye mwenyewe alikuwa kuhani pale, ana maandishi mazima ya kujiuliza ile E kwenye hekalu la Apollo ilikuwa na maana gani, kwamba ni namba tano, au ni "kama" ya mtu anayeuliza swali, au ni "wewe upo" anaambiwa mungu. Nikayamwaga yote hayo kwa Kigiriki changu cha vipande vipande. Mzee akafurahi, akaniwekea mkono begani, akaanza kuongea.

Akaongea saa moja na dakika arobaini. Mimi na rekoda yangu naitikia. Ndiyo ya Kigiriki inatamkwa "ne", basi ikawa ne, ne, ne, na nikiona amenyamaza kidogo natia "malista", yani naam. Nilikuwa nadaka maneno yanayopita: Zeus, Apollo, nuru, mababu, vita. Nikajua ni theolojia. Nikarudi nikaandika kurasa 38 kuhusu uchaji wa nyumbani wa mtu mnyenyekevu, na picha ya kabati lake la vitabu nikaiweka, ipendeze.

Siku ya kuwasilisha nikapata wazo, sijui nani alinituma, la kupiga kipande cha ile sauti ili watu wapate ladha. Ukumbini kulikuwa na dada mmoja Mgiriki, mgeni kabisa, anasoma mambo ya sarafu. Nikabonyeza. Sekunde ishirini, thelathini, namwona kashika mdomo, nikadhani kaguswa. Supervisa akamuuliza, anasema nini huyo mzee? Yule dada akaniangalia mimi kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa, alafu akaanza kutafsiri taratibu. Kwamba miungu ya Olympus ilitoka kwenye nyota ya Sirius. Kwamba E ni alama ya kikosi cha siri kinachowalinda Wagiriki. Kwamba adui wa kikosi hicho tangu dunia ianze ni Wayahudi, na vita ya kumalizana nao iko karibu. Na katikati ya kila sentensi, kwenye spika za ukumbi, sauti yangu mimi, changamfu kabisa. Ne. Ne, ne. Malista.

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru wangecheka.

Supervisa akaikuza ile picha ya kabati. Majina ya vitabu yalikuwa hapo muda wote, makubwa kama ya ubavuni mwa daladala. Akaniuliza, hivi vitabu ulivisoma? Wenyewe wanaiita Omada Epsilon, Kikosi E. Mzizi wake ni kitabu cha 1977 cha Georgios Lefkofrydis aliyedai kwenye maandishi ya mantiki ya Aristotle kumefichwa siri za viumbe wa anga, baadae wengine wakapandishia miungu ya Olympus, wakapandishia chuki ya Wayahudi, na yule dada alizijua hizo stori tangu utoto maana vitabu vya stori hizo vilikuwa vinauzwa mpaka kwenye tivii. Mimi mwenye Hesiod kichwani ndio nilikuwa mtu pekee mle ndani nisiyejua. Mzee hakunificha kitu, alinieleza kila kitu, kwa sauti, akiwa na kidani shingoni.

Chapta ikaenda, mwaka ukaenda nayo. Nikaanza darasa la jioni la Kigiriki cha leo, aliyekaa pembeni yangu alikuwa fundi bomba aliyeoa Mgiriki. Alinipita muhula wa kwanza.

4. Vya haraka haraka. Namba ya insikripsheni andika siku ile ile. Skrinshoti iwe na tarehe maana wanafuta. Sauti ya mahojiano sikiliza na mwenye lugha kabla hujaandika hata aya moja (ndio, najua). Usibishane saa sita usiku na mtu mwenye profaili ya sanamu nyeupe ya marumaru, na usimwambie kwamba zile sanamu zilikuwa zinapakwa rangi, utakesha.

5. Msidhani upuuzi unatoka mtaani tu, mwingine umetoka kwetu.

1824 Karl Otfried Müller, profesa wa Göttingen na msomi kweli kweli, aliandika juzuu mbili za Wadori, kabila mojawapo la Wagiriki wa kale, humo Apollo akawa mungu wa Wadori hasa, na Sparta ndio Udori wenyewe. Yeye hakuwa mtu wa siasa za damu, ila miaka mia moja na kitu baadae Wadori hao hao wakawa chakula cha Wanazi. Na Dionysus? Maprofesa wakubwa walishaamua ni mgeni, kaja na makelele yake kutoka Thrace au Asia, haiwezekani mungu wa ulevi na vichaa awe Mgiriki. 1952 Michael Ventris akafungua Lineari B, mwandiko wa zamani sana wa Kigiriki, na kwenye vibao vya udongo vya Pylos, vya karibu 1200 KK, jina la Dionysus likatokea. La Apollo mpaka leo halijaonekana kwenye hiyo miandiko kwa uhakika. Mi nikikumbuka hilo nacheka peke yangu kwenye treni.

Na elimu sio kinga. Savitri Devi, yule mama aliyezaliwa Lyon 1905 akiitwa Maximiani Portas, akachukua uraia wa Ugiriki, akaenda India kutafuta upagani wa Kiarya uliobaki hai na akaishia kumwabudu Hitler kama avatari, yani mungu aliyeshuka duniani, alikuwa na PhD.

6. Msiwatie kapu moja.

Kuna kijana mwingine, wa muhula uliopita, kaandika kwamba kila anayemwomba Zeus leo ni Nazi mamboleo. Nilimrudishia kazi na rangi nyekundu mpaka wino ukaisha. Golden Dawn, chama cha Wanazi mamboleo wa Ugiriki, walianza na jarida lao 1980, mwanzoni kweli walikuwa na upagani upagani, baadae wakajitangaza watetezi wa kanisa la Orthodoksi, na bendera yao ilikuwa na ile nakshi ya meandro, mstari unaopindapinda, ambayo utaikuta mpaka kwenye vyungu vya karne ya 8 KK na kwenye vikombe vya mgahawa, kwaiyo nakshi yenyewe haikwambii kitu. Kila mwaka walikuwa wanawasha mienge Thermopylae, 2012 wabunge 18, 2013 mwanachama wao akamuua mwanamuziki Pavlos Fyssas, 7 Oktoba 2020 mahakama ikasema ni genge la wahalifu. Hilo ni faili moja. Watu wa YSEE, baraza la wanaoabudu miungu ya kale ya Ugiriki, walioanza 1997 na dini yao ikatambuliwa na serikali 2017, ni faili lingine, wahoji wenyewe, soma wanachochapisha, kwa lugha yao.

Yule mzee wangu sijui nimweke faili gani. Kila Disemba, jua linapogeuka, ananitumia kadi, anwani nilimpa mwenyewe siku ile. Mbele picha ya hekalu, nyuma mwandiko mdogo wa kalamu ya bluu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nazibandika ukutani sababu ya picha. Ya mwaka jana nimeisoma neno kwa neno bila kamusi. Anaulizia afya ya mama yangu. Anasema mke wake alifariki Agosti. Anasema vita imekaribia, na anataja nani anaileta. Kwenye bahasha alitia na oregano ya mlimani kwao.

Sijamjibu. Oregano niliitia kwenye nyama.